Mabaharia wa Magunia ya Unga

Nilifundisha Jiografia, Historia na Uraia, somo tuliloliita GHC, na kila mwaka muhula wa pili niliwavusha watoto wa darasa la saba bahari ambazo mimi mwenyewe sijawahi kuchovya hata kidole. Wala sikuwa mtu wa ziwa. Nilizaliwa Migori, upande wa miwa na tumbaku, na maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya mto, tena mto wenyewe mama alitukataza kuukaribia. Kuogelea sijui mpaka leo. Lakini nipe chaki nikueleze jinsi yule Mreno alivyoizunguka rasi ya kusini akatokea Malindi, utadhani mimi ndiye niliyeshika usukani.

Majina yao sitayataja. Wametajwa vya kutosha. Watu wangu mimi hakuna atakayewaandika popote, kwa hiyo na wao wakubwa wakae hivyo hivyo bila majina, tuone wanavyojisikia.

Shule yetu ilikuwa Kisegi, juu kidogo ya ziwa, na ramani ya dunia tuliyokuwa nayo mchwa walikuwa wamekula Asia yote. Basi nikafumua magunia mawili ya unga wa ngano, yale ya kitambaa cheupe, nikayashona pamoja, nikachora mabara kwa wino mzito, na kila msafiri nikampa mshale wa rangi yake. Mreno wa Malindi alikuwa kijani. Yule aliyetaka kuizunguka dunia nzima akauawa katikati ya safari, mwekundu. Yule Mtaliano wa meli tatu, aliyetumwa na Wahispania, nilimpa bluu kwa sababu nilimpenda kuliko wote. Watoto walikuwa wanasimama mbele, wanafuata mshale kwa kijiti, huku wakieleza upepo ulitoka wapi na maji ya kunywa yaliishia wapi.

Sehemu ya magugu ndiyo iliyokuwa mchezo wangu. Katikati ya bahari mabaharia wanaamka, wanakuta maji yamegeuka kijani, mwani umetanda mpaka macho yanapochoka. Wanaogopa. Wanasema meli zitanaswa, tutaozea hapa, turudi kwetu. Hapo nilikuwa naweka chaki mezani, nanyamaza, kisha nauliza darasa kama walirudi, na darasa lote linaitikia kwamba hawakurudi. Nahodha aliwaambia wasonge mbele, na meli zikapita katikati ya mwani kama kisu kwenye ugali. Kilichotaka kuwanasa, nikawaambia watoto, ni woga wao tu. Nilisema hivyo miaka sita mfululizo na hakuna aliyenizaba kofi.

Aliyenifikisha chuo cha ualimu ni dada yangu. Alinizidi miaka minane. Aliacha shule darasa la nne ili mimi niende la kwanza, akaolewa Kisegi, na omena, wale dagaa wa ziwani, alizokuwa akianika ufukoni ndizo zilizonisomesha. Nilipopelekwa kufundisha karibu na boma lake tulisema ni bahati. Baadaye mume wake alifariki, na katika mambo yake mazito nikawa mimi ndiye wa kuulizwa, ingawa palikuwa na mzee wa boma, kaka mkubwa wa marehemu. Yule mzee kila jambo alilimaliza kwa kusema japuonj ndiye anayejua. Japuonj ndiye mwalimu, kwa Kijaluo. Ukiambiwa kila siku kwamba wewe ndiye unayejua, unaacha kujiuliza unajua nini.

Dada mwenyewe hakuwa mtu wa kunisujudia. Alikuwa anapita shuleni na beseni lake kichwani, anachungulia dirishani, halafu jioni ananiuliza wale wazungu wangu leo wamefika wapi. Nikimwambia wamefika Bara Hindi, anataka kujua kama wameleta chumvi, maana ya nyumbani imekwisha. Alinitania tukiwa wawili, lakini mbele za watu alinipa heshima yangu yote. Laiti angenitania mbele za watu.

Kule kwetu mwanamke hapandi boti ya uvuvi, wanasema anafukuza samaki. Lakini ni mwanamke anayekaa ufukoni kutwa nzima akitazama mawingu, maana mvua ikikuta omena zimelala kwenye nyavu, siku imekufa. Kwa ajili ya omena zile dada yangu alisoma upepo wa ziwa miaka kumi na tano. Alijua saa unapogeuka, alijua unapokuja na mvua na unapokuja mtupu. Mimi nilikuwa na cheti.

Mwaka wa tisini na nane ulipoanza, mvua ya El Niño ilikuwa bado haijatuacha. Mashamba yalioza, vyoo vilibomoka, na daraja moja la barabara ya kwenda Mbita lilibebwa na maji likaenda zake. Upande wa ziwa nako kulikuwa na magugumaji. Sijui niyaelezeje kwa mtu ambaye hakuyaona. Majani mapana, mazito, na maua ya zambarau mazuri ajabu, yameshikana mizizi mpaka yanafanana na shamba. Leo yako Kendu Bay, kesho yako Homa Bay, kesho kutwa yameziba ufuko wako, huwezi hata kuchota maji. Boti za abiria zilikuwa zimeacha safari. Wavuvi waliyalaani kila asubuhi kama watu wanaomlaani jirani mchawi.

Dada alishikwa na tumbo Jumanne jioni. Jumatano alfajiri niliitwa. Nilimkuta amejikunja kwenye mkeka, tumbo limevimba na kukaza, anatapika maji ya kijani. Daktari wa zahanati, kijana mmoja mpole, alimpapasa, akanitoa nje. Alisema utumbo umejisokota, na dawa yake ni kisu. Akifika Homa Bay leo, ana nafasi kubwa ya kupona. Akichelewa mpaka kesho, yeye hawezi kuniahidi kitu. Nilimwelewa vizuri kabisa. Sitasema kwamba sikuelewa.

Tukakaa kuamua njia. Nasema tukakaa, kumbe ni mimi.

Mzee wa boma alisema lake, kwamba japuonj ndiye anayejua. Dada, akiwa pale chini, alisema abebwe kwa barabara. Daraja halipo, ndiyo, lakini juu kidogo watu walikuwa wanavuka kwa miguu, maji ya kiunoni, na ng'ambo kulikuwa na pikapu zilizobeba watu mpaka Mbita na mbele hadi Homa Bay. Wanaume wa kubeba machela wangepatikana. Nikamwambia matope yatatuchelewesha, na mtikisiko utammaliza. Ziwani ni kulala tu kwenye boti yenye injini, ifikapo saa nane mchana tuko hospitali.

Alifumba macho kwanza, maumivu yapite. Kisha akasema, "Barabara ni mbaya, lakini haihami. Hayo majani yanahama."

Akanieleza, kwa pumzi fupi fupi, kwamba asubuhi upepo wa nchi kavu huyasukuma majani nje na ghuba ya Homa Bay huwa wazi. Mchana upepo wa ziwa huyarudisha yote na kuufunga mji. Tukifika saa nane tutayakuta yamefika mbele yetu. Alisema amewasikia wanawake wa kule wakilalamika sokoni.

Unajua nilifanya nini? Nilimsimulia habari ya mwani. Mbele ya mtu ambaye utumbo wake umejisokota, nilichuchumaa nikamsimulia zile meli tatu, woga wa mabaharia, nahodha aliyekataa kurudi. Nilifika hata pale pa kuuliza kama walirudi. Mzee wa boma alitikisa kichwa kwa kustaajabu elimu. Dada alinitazama, na sikuona hasira machoni mwake, niliona uchovu tu.

"Haya, japuonj," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo. Guu langu ni zima mpaka leo, natembea nalo.

Wenye boti wawili walikataa kumpakia mwanamke kwenye boti ya uvuvi, hata akiwa mgonjwa. Wa tatu nilikuwa nimemfundishia watoto. Naye alisita, akauliza habari za majani, na naye nikamsimulia mwani. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa ziwa, baba yake alikuwa wa ziwa, na alinisikiliza mimi mtu wa miwa. Tukaondoka saa moja na nusu asubuhi, yeye nyuma kwenye injini, ndugu yake mbele na upondo, dada katikati kwenye godoro, na mimi nimekaa kando yake nimeshika mwavuli.

Maji yalikuwa shwari. Dada aliugua kila injini ilipobadilisha sauti, lakini alikuwa akizungumza, alinituma nimwambie binti yake wa mwisho asisahau kugeuza omena. Huyo mtoto alikuwa darasa la sita, tulimwacha nyumbani. Saa tatu na nusu tulikaribia Mbita.

Mtu asiyejua pale nimweleze. Kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga zamani maji yalipita, halafu wakajenga tuta la mawe la kupitisha magari, njia ya maji ikafa. Boti ikitoka upande wetu lazima ikizunguke kisiwa chote kwa nje ndipo iingie kwenye ghuba kuelekea Homa Bay. Ni masaa. Mwenye boti alipunguza injini. Kutoka pale tuliona steji, tukaona na pikapu mbili zinapakia watu. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ruhusa darasani, kwamba tungemteremsha mama hapa, gari zinapita, matope yapo lakini zinapita.

Dada aliinua kichwa akatazama nchi kavu. Kisha akamwambia mwenye boti aniulize mimi.

Nitasema jambo ambalo miaka yote hii sijamwambia mtu, hata mke wangu. Haikuwa kwamba niliona ziwa ni salama zaidi. Pale nilikuwa nimeshaona kwamba gari ni afadhali. Zilikuwa mbele ya macho yangu. Nilitaka kuzunguka kisiwa. Miaka sita nilikuwa nimewazungushia watu wengine rasi kwa chaki, na mimi sijawahi kuzunguka chochote. Tena nilikuwa nimeshasimulia hadithi, na mtu aliyesimulia hadithi ile hawezi kushukia njiani. Nikasema tusonge mbele.

Tukazunguka. Upande wa nje wa Rusinga maji yanabadilika, mawimbi yanatoka mbali, boti inapanda na kushuka. Ndege weupe walikuwa wanaruka mbele yetu, kisiwa cha Mfangano kimesimama nyuma na ukungu kichwani. Nilifurahi. Dada yangu alikuwa akifa miguuni pangu, na mimi nilifurahi. Andika hilo kama unaandika.

Alipoacha kuzungumza sikuona. Ilikuwa kama saa sita, tayari tumeingia ghuba, na nilikuwa nahesabu vilima. Nilipomwinamia nilikuta midomo imekauka na mkono umekuwa baridi kwenye jua lile. Nikamwambia mwenye boti aongeze mwendo.

Tulianza kukutana na magugu vipande vipande. Vya kwanza tulivikata kwa kasi, majani yakapasuka pembeni, na nikageuka kumtazama mwenye boti, sijui nilitaka anipigie makofi. Kilima cha Asego kilionekana. Baadaye yakaonekana mabati ya mji yanang'aa. Ilikuwa inakaribia saa nane. Upepo ulitugonga migongoni, upepo mzuri, unaoelekea tunakoelekea, na hata wakati ule nilidhani umekuja kutusaidia.

Ulikuwa umekuja na shamba lote. Mbele yetu kulikuwa na kijani mpaka ufukoni, na tulipotaka kugeuka, nyuma yetu nako kulikuwa kumefunga. Injini ilikohoa ikazima. Rafadha ilikuwa imezungukwa na mizizi mpaka haionekani. Mwenye boti aliinyanyua akaikata kwa panga, akaiwasha, ikaenda labda urefu wa darasa, ikazima tena. Alifanya hivyo mara nyingi. Ndugu yake aliusukuma upondo, ukazama wote bila kugusa chini. Akajaribu kukanyaga yale majani, yakambeba hatua mbili kisha akazama mpaka kifuani, tukamvuta kwa shati lake. Korongo walikuwa wanatembea juu ya majani pembeni yetu bila wasiwasi.

Mji ulikuwa pale. Niliona mtu anaanika nguo. Niliona watu wamesimama ufukoni wanatutazama, nikavua shati nikalipunga, nao wakapunga mikono. Boti moja ilijaribu kutufikia, ikasogea kidogo, ikakwama, wenyewe wakahangaika kurudi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilikuwa nataja hospitali, kana kwamba ningeitaja vya kutosha ingekuja.

Karibu saa kumi dada aliamka. Macho yalikuwa yake kabisa. Alitazama majani kulia, akatazama kushoto, na niliona ameelewa tuko wapi. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Badala yake aliniuliza, kama zile jioni za nyumbani, "Hao wazungu wako, wagonjwa wao waliwafanyaje?"

Nilijua jibu. Limo kwenye vitabu, ingawa kwenye mtihani haliulizwi. Ufizi unaoza, meno yanadondoka, mtu anakufa, anafungwa kwenye kitambaa na kutupwa majini, na meli haisimami. Safari nyingine ilianza na mamia, wakarudi wachache wa kuhesabika, na kwenye magunia yangu hao wote niliwaweka ndani ya mshale mmoja mwekundu wenye jina la mtu mmoja.

"Waliwatibu," nikamwambia. "Walikuwa na madaktari melini."

"Sawa," akasema.

Sijui kama aliniamini. Alinishika kidole, akakishika kama mtoto anavyoshika. Alikata roho kwenye saa kumi na moja, jua likiwa bado kali juu ya mabati. Ndugu wa mwenye boti alivua kofia. Hakuna aliyelia, hata mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshamaliza sauti kwa kuwaita wale watu wa ufukoni.

Usiku ule siusimulii. Alfajiri upepo wa nchi kavu ulikuja, polepole, ukayasukuma majani nje, na njia ikafunguka mpaka ufukoni kama alivyosema. Tuliingia Homa Bay bila hata kuwasha injini, kwa kasia.

Tulimrudisha kwa barabara. Pikapu ilinasa matopeni mara tatu, tulisukuma, ikatoka. Kwenye mto wanaume walibeba jeneza begani, maji ya kiunoni, wakavuka. Kutoka Homa Bay mpaka bomani kwake tulitumia masaa saba. Nilikuwa natazama saa yangu njia nzima. Dereva akadhani nina haraka.

Boma lilijaa watu. Baada ya vilio vya kwanza, mzee wa boma alituita ndani, mimi na mwenye boti, na watoto watatu wa marehemu wakaketi ukutani. Kwetu ni lazima kueleza. Mtu hazikwi kabla watu wake hawajaambiwa alivyoondoka, alipita wapi, alisema nini. Mzee alikuwepo asubuhi ile, lakini alikuwa mzee, na labda alitaka kunipa nafasi, sijui. Aliuliza mbele ya watoto ilikuwaje mpaka tukapita ziwani.

Binti wa mwisho alikuwa ananitazama mimi tu. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, yamepangwa kama somo.

Nikasema, "Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka ziwa."

Mwenye boti alitazama miguu yake. Mzee aliitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, alilipenda ziwa. Kwa nini alisema hivyo mtu aliyesikia kwa masikio yake, Mungu anajua. Pengine alishaamini kwamba japuonj ndiye anayejua hata yale ambayo yeye mwenyewe ameyaona. Neno likatoka mlangoni, likazunguka boma, na kufikia mazishi lilikuwa limenenepa. Mhubiri alilihubiri. Wanawake wa ufukoni waliimba kwamba ziwa lilimlisha na ziwa limemwita. Mimi nilisoma wasifu wa marehemu kwa Kiswahili safi, na ndani yake niliandika kwamba siku ya mwisho alichagua njia yake. Nina mwandiko mzuri. Kila mtu alisema wasifu umesomwa vizuri.

Mwenye boti hakunisaliti. Aliigeuza boti yake kifudifudi ufukoni, akaiacha hivyo msimu mzima, na tukikutana njiani alinisalimia kwa heshima zote, kisha anapita haraka. Ningeweza kumfuata nikamwambia aseme. Sikumfuata.

Mwaka uliofuata yule binti aliingia darasa la saba, darasani kwangu. Muhula wa pili ulifika na wasafiri wake. Niliyatundika magunia ukutani kwa sababu mtihani hauna huruma, nikafundisha mishale mitatu kwa siku moja, haraka haraka, na pale pa mwani niliwaambia wajisomee wenyewe. Mtoto mmoja aliyekuwa amerudia darasa akalalamika kwamba nimeruka sehemu tamu. Nilimtoa nje, nikamwadhibu. Binti wa dada yangu aliandika kila kitu kwenye daftari lake, mistari imenyooka, na katika jaribio alipata zote.

Niliomba uhamisho kurudi Migori. Mwisho wa tisini na tisa ukakubaliwa, na mimi nikawa nafunga vitu vyangu nyumba ya walimu. Yule binti alikuwa amemaliza darasa la saba kwangu, umebaki mwaka mmoja afanye mtihani wa mwisho; shangazi yake wa Kendu Bay alikuwa anamchukua akamalizie shule kule. Alikuja kuniaga. Aliniletea kuku wa kunisindikiza, amemfunga miguu kwa kamba ya nyavu. Alikuwa ameanza kurefuka, na alipokaa alikunja mikono mapajani kama mama yake.

Hakuwa msemaji. Alikunywa chai nusu, akaniuliza habari za Migori, kama kuna maji karibu. Nikamwambia kuna mto. Kisha akasema, akitazama kikombe, kwamba kuna jambo alitaka kuniambia tangu mazishi na hakujua aliseme namna gani.

"Mjomba, mama alikuwa anaamuliwa kila kitu. Aache shule, aolewe huku, afanye hivi. Siku ile wewe ulimsikiliza, ukampitisha alikotaka. Nashukuru."

Nilifungua mdomo. Palikuwa na sisi wawili tu, mlango wazi, mchana mweupe, na hakuna aliyekuwa akinikimbiza. Alikuwa amemaliza kusema na ananingoja, uso wake umetulia, kama mtu aliyetua mzigo.

Nikamwambia asome kwa bidii.